Matope Chini ya Mbao za Bwato

Nchelenge, siku ya kuamkia safari yako

Mwansa, mutoto wangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki hapa mbele ya nyumba na sanduku lako limefungwa kamba. Kesho asubuhi unapanda bwato kwenda Kasenga, na kule utapata lori ya Lubumbashi. Juu ya nguo, chakula na vijana sitasema kitu. Wamama wa kanisa wamekwisha kukuambia mpaka masikio yako yamechoka, na mengi waliyosema ni kweli.

Nakuandikia Kiswahili cha kwetu Kasenga, ingawa humu ndani mimi na wewe tunasema Kibemba. Kule unakoenda utakisikia kila siku, basi anza kukizoea. Tena, mambo nitakayoandika niliyafanya kwa Kiswahili, kwa vinywa vya wafanyabiashara wa samaki wanaovuka ziwa. Nikijaribu kuyasema kwa Kibemba ninaona haya. Kwa Kiswahili sioni haya hata kidogo.

Unajua kwamba baba yako aliuawa, na unajua aliyemuua. Hapa kando ya ziwa kila mutu anajua. Lakini wakati ule ulikuwa mudogo, nilikupeleka kwa nyanya yako, na uliporudi ulikuta watu wanazungumza vipande vipande na kunyamaza ukipita. Hakuna aliyekupangia habari hii toka mwanzo. Nitakupangia mimi, pamoja na sehemu ambayo hakuna anayeijua ila mimi na yule mutu mwenyewe.

Baba yako Kaoma hakuweza kumupita mutu anayetembea kando ya maji bila kumuita apande. Ilinikasirisha sana. Bwato ingekuwa imejaa samaki mpaka inalia, naye anageuza motere kwa ajili ya bibi mwenye kikapu cha muhogo. Bwato ile ilikuwa yake na ya mudogo wake, Kalaba. Walinunua samaki kwenye visiwa vya Chisenga na Kilwa, wakaleta hapa kwa watu wa malori. Kalaba alikuwa hodari kwa bei na mwepesi wa kucheka, na ulikuwa ukilala juu ya tumbo lake.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, upepo ungali mukali. Walikuwa wameondoka kama kawaida. Kalaba akarudi peke yake, bwato imepasuka ubavu, macho mekundu. Alianguka hapa hapa nilipokaa sasa.

Akasema, "Mulamu, shemeji yangu, upepo ulitukamata karibu na Kilwa. Yaya Kaoma alisimama kuvuta wavu, bwato ikalala. Nilimuita, nikamuita. Jua likatoka, sikuona kitu. Nimekuja moja kwa moja kukuambia."

Nilimuamini, Mwansa. Nilimushika kichwa nikalia naye. Nilimuvua nguo zenye maji, nikamupa kitambaa cha baba yako ajifunike, na suruali yake nikaenda kuifua. Ilikuwa na matope mpaka magotini. Niliisugua na sabuni niliyokuwa nimekuwekea wewe, mpaka ikawa safi kabisa, na maji yale nikayamwaga kwenye migomba. Kwa mikono yangu mwenyewe. Kama kuna jambo linaloniamsha hata leo, ni lile beseni.

Tulilia bila maiti. Baadaye ndugu wakakaa, wakagawa. Kalaba alipewa motere, nyavu, na mashini yangu ya kushona, kwa sababu walisema ilinunuliwa na samaki. Bwato wakaniachia, maana ilikuwa mbovu. Niliivuta ndani ya kibanda cha matete, nikafunga mulango. Sikujua kwa nini. Labda kwa sababu mbao zake baba yako alizipigilia misumari mwenyewe.

Halafu Kalaba akaanza kuja. Alileta samaki wanene, alileta chumvi. Akasema desturi inataka mudogo achukue nyumba ya mukubwa, akasema ataifanya polepole, bila kunilazimisha. Nilikuwa karibu kukubali. Nakuambia hivyo ujue mama yako si mutu wa kuona mbali. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa na mikono ya baba yako. Toka pale nilijifunza: mutu akikuletea habari mbaya, mupe maji, lakini kwanza mutazame miguu.

Ndipo akaja Mamuzele Odile, ndivyo wanavyomuita muzungu asiyeolewa. Wewe unamujua kwa barua na kwa zile picha za mawe anazokutumia, lakini mimi nilimujua alipofika hapa akiwa amebabuka pua kwa jua, Mubelgiji mwembamba wa inivesite, chuo kikuu cha Lubumbashi, na mabomba ya chuma kwenye lori. Alitafuta pa kulala, nikamupa chumba. Alitaka kujua matope ya chini ya ziwa yametoka wapi: yapi yaliletwa na muto Luapula, yapi na muto Kalungwishi, yapi yalianguka kutoka juu kwa upepo. Alisukuma bomba katika matope, akalitoa limejaa kama utumbo wa mbuzi. Na juu ya bati la nyumba yetu aliweka sahani zilizopakwa mafuta, ili vumbi la kiangazi linase. Majirani walisema muzungu anatega malaika.

Siku moja nilimuuliza, "Mamuzele, matope si ni matope?"

Alikuwa anakula. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Hapana, mama. Kila muto iko na mawe yake. Luapula inapita karibu na mawe ya shaba ya kwenu, matope yake inabeba shaba kidogo, na kobalti. Kalungwishi inatoka kwa mawe ingine, ya zamani sana, ile iliwaka moto chini ya dunia. Ile haina shaba, lakini iko na toriamu na zirkoni. Mi nachemusha matope na asidi, mashini inasoma kila kitu ndani. Haiwezi kudanganya mimi."

"Na vumbi?"

"Vumbi vilevile. Vumbi ya sahani yako inatoka mbali, upande wa jua kutoka. Si ya hapa."

Niliosha vyombo vya chakula. Niliporudi nikamuambia, "Niko na bwato. Chini ya mbao zake kuna matope. Mulamu wangu anasema alikuwa Kilwa. Mi nataka tu kujua pahali mume wangu alikufia, niweke maua." Hivyo ndivyo nilivyomuambia. Na mpaka hapo ndivyo nilivyofikiri.

Tulivunja mbao pamoja. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyeweza kufikisha mukono, matope yalikuwa yamekauka. Mamuzele alitia kisu, akatoa kipande kama cha mukate, akakigeuza kwenye mwanga. Alikigawa kwa uangalifu, kila tabaka kwenye chupa yake, akaondoka nazo kwenda Lubumbashi.

Alirudi masika yamekwisha. Aliketi kitandani mwangu, akanishika goti.

"Mama, bwato yako ilisema mambo tatu. Chini kabisa, matope ya Kalungwishi. Mingi. Juu yake, vumbi, ileile ya sahani. Vumbi haiwezi kuanguka ndani ya mbao bwato ikiwa majini na mutu anavuta maji nje. Bwato ilikauka juu ya nchi, siku kadhaa, upepo inapita. Alafu juu kabisa, ngozi nyembamba ya Luapula. Ile ya upande wa Kilwa."

Nilimuuliza maana yake ni nini. Akasema, "Matope yametoka wapi, naweza kukuambia. Nani alifanya nini, hiyo hapana. Hiyo si kazi ya mashini."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kalungwishi iko kaskazini, Kilwa iko kusini. Kalaba hakuja moja kwa moja. Alikuwa kule, akaivuta bwato nchi kavu, akakaa na kufikiri. Akapanga maneno. Halafu akazunguka mpaka Kilwa ili watu wamuone akitokea upande ule. Na mimi nilifua suruali.

Sikulia. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa mutulivu. Ilikuwa kama mutu aliyetembea muda mrefu bila mahali pa kwenda, halafu anaonyeshwa njia. Jioni ile Kalaba alileta samaki, na nikampikia. Nilimutazama akila. Nikamuambia, "Baba mudogo wa Mwansa, nipe muda mpaka kiangazi, nitakujibu." Alifurahi.

Nilikwenda kwanza polisi. Afande alinisikiliza, akasema, "Mama, matope hayawezi kusimama kortini." Sikumulaumu. Nilimuomba Mamuzele anibebe katika bwato yake alipokuwa anakwenda kuchukua matope ya kaskazini, akakubali. Wewe nikakupeleka kwa nyanya.

Kwenye mudomo wa Kalungwishi kuna kambi za wavuvi ndani ya matete. Nilipita kambi kwa kambi nikisema jambo moja tu: natafuta mutu aliyezikwa bila jina. Katika kambi ya mwisho muzee mumoja, ba Chisha, aliacha kushona wavu wake. Akaniuliza, "Alikuwa amevaa nini?" Nikasema shati la kijani, lenye kiraka cha kitambaa cha maua begani, kwa sababu nilikosa kijani kingine. Muzee akaingia ndani ya nyumba yake ya nyasi, akatoka na shati. Walimuvua kabla ya kumuzika, kwa kuwa shati lilikuwa zima. Waliona aibu kunipa. Mimi nililivaa juu ya nguo yangu palepale.

Alinionyesha kaburi. Alisema kichwa kilikuwa kimepasuliwa nyuma. Akasema pia kwamba mutu mumoja alikuwa hapo karibu na bwato imevutwa juu ya mchanga, akawapa chumvi na tumbako wasiseme kitu. Alikuwa anangojea watu wa pembe za tembo kutoka porini. Hawakuja.

"Ukimuona utamujua?" nilimuuliza.

"Bamayo, mama yangu, nilivuta tumbako yake. Nitamujua."

Nilirudi na muzee na shati. Asubuhi, wakati mabwato yanafika na bandari imejaa, Kalaba alikuwa kwenye mizani yake akinunua samaki, kofia mupya kichwani, watu wamemuzunguka. Nilipita katikati yao. Niliondoa samaki kwenye mizani, nikaweka shati.

Akatazama shati. Akanitazama. "Mulamu, nini hii?"

"Kaka yako. Mupime."

Alicheka kidogo, akawatazama watu. "Mashati iko mingi."

"Kiraka ni changu. Nilikishona na mashini ile iko kwako."

Ndipo ba Chisha akasogea karibu, akamutazama kama vile mutu anatazama samaki kama ameoza, akasema, "Ni huyu. Alitupa chumvi."

Kalaba aliweka kofia yake juu ya meza, sijui kwa nini, akaanza kutembea, halafu akatembea haraka. Polisi walipofika kwake alikuwa amekwisha kuvuka upande wa Kongo, ile siku hizi wanaita Zaire. Afande akaniambia serikali haivuki maji. Nikamuambia, "Basi nitavuka mimi."

Watu wanafikiri habari iliishia pale, kwamba mama yako alirudishiwa mashini yake akashukuru Mungu. Sasa sikiliza ile wasiyoijua.

Nyumba yake nilikwenda nikakaa ndani. Wake zake walirudi kwao, sikuwafukuza, ila sikuwaomba wabaki. Nyavu zake nilimuuzia mutu aliyekuwa adui yake sokoni, kwa bei ndogo, ili mradi Kalaba asikie. Mulango wake niliupasua kuwa kuni, nikapikia uji wako. Halafu nikaanza kutuma maneno kwa vinywa vya wafanyabiashara. Unawajua, wale wanaolala kwetu na mizigo ya chisense, dagaa wa kwetu. Kila aliyevuka nilimuambia: "Ukimuona mutu mwenye jina hili, muulize juu ya Kalungwishi. Usimupige. Muulize tu."

Alipata kazi Kasenga ya kupakia malori. Mutu akamuuliza. Akahama. Alipata kibanda Lubumbashi, katika komini, mutaa wa pembeni, akaanza kuuza makaa, akaoa. Mutu akaja kununua makaa, akamuuliza, "Kalungwishi unaijua?" Yule muke naye akauliza ni nini, akajua, akaondoka. Kalaba akabadilisha jina. Jina jipya nililipata kabla ya kiangazi kupita. Hivyo, mwaka kwa mwaka. Wewe ulikuwa unafanya hesabu mezani, mimi natengeneza chai ya wageni, na kazi yangu inaendelea chini ya chai. Mufungwa gerezani anazoea ukuta. Yeye sikumuachia kitu cha kuzoea.

Mchungaji aliniambia kisasi kinamula mwenye nacho. Labda. Mimi kilinilisha. Kiliniamusha nilipokuwa sitaki kuamka, kikanipeleka sokoni, kikalipa shule yako. Sitakudanganya kwamba ulisomeshwa na upendo peke yake.

Kosa langu liko pengine. Mwaka jana nilipokuambia nakwenda Kasenga kwa ndugu, nilikwenda Lubumbashi. Nilitaka kumuona Kalaba kwa macho. Nilidhani nitashiba.

Yuko na sukari katika damu. Jicho moja limekufa, na mguu umefungwa vitambaa. Alikuwa amekaa juu ya gunia mbele ya kibanda. Alinijua kwa kutembea kwangu.

"Mulamu. Umekuja kuniua?"

"Hapana. Nimekuja kusikia."

Akaniambia. Baba yako hakujua juu ya pembe mpaka walipofika kule. Alikataa kuzipakia, akasema atageuza bwato. Wakagombana. Kalaba alimupiga na kafi, mara moja, kwa hasira, anasema. Halafu akaogopa. Kaoma hakufa mara moja. Alilala ndani ya bwato, akaomba maji, na Kalaba akakaa mbali juu ya mchanga akiziba masikio, mpaka sauti ikakoma. Ndipo akamuvuta kwenye matete. Ndiyo maana bwato ilikaa nchi kavu.

Kungekuwa na mutu wa kumupa maji, Mwansa. Kambi ya ba Chisha ilikuwa karibu.

Nilisimama pale nikitafuta kitu cha kumufanyia, nikaona kwamba kila kitu kilikuwa kimekwisha kufanywa, na hakikutosha. Kosa langu ni hilo: niliamini kuna mahali pa kufika. Hakuna. Sikumusamehe, na sitakuambia nilisikia huruma. Nilisikia tu kwamba mguu wake unanuka, na kwamba nitakosa lori.

Nilipogeuka kuondoka akasema, "Na mutoto? Wanasema atakuja kusoma hapa. Mulamu, mi nitakufa. Sina mutu hata mumoja wa kuniita. Mwache aniite mara moja tu."

Sikumujibu. Nakujibu wewe.

Utakaa karibu na Mamuzele, utajifunza kuchemusha matope na kusoma yaliyomo. Anasema una macho ya kazi hiyo, na ninaamini. Usiifanye kwa ajili ya baba yako wala kwa ajili yangu. Ifanye kama unaipenda. Makosa ya suruali na ya kutafuta mahali pa kufika ni yangu, na hasira ni yangu vilevile. Sikuachii, maana sijaimaliza, na sitaki mutu anisaidie.

Lakini yule mutu atakuja. Mutu atamuongoza mpaka mulango wa shule, atasimama na fimbo yake, atakuita jina lako. Na utashituka, kwa sababu sauti yake ni ya Kaoma. Hata mimi, kule mbele ya kibanda, nilifunga macho kidogo aliposema "mulamu". Wewe humukumbuki baba yako akisema. Utataka kuendelea kumusikiliza, na sikukatazi. Mupe kiti. Mupe maji, akitaka maji. Mutazame mpaka utosheke, muulize juu ya utoto wao, atakuambia mambo ambayo mimi sikuyajua.

Ila kuna neno moja. Kwa desturi yetu mudogo wa baba ni baba. Nyumba nilimunyang'anya, na nyavu, na wake, na jina. Lile neno "baba" sikuweza kulichukua, kwa sababu halikai kwangu. Liko katika kinywa chako.

Muite Kalaba.

Mama yako,
Ngoya